Origami Ijifunzwe Kitabuni

Mwaka 1954 Akira Yoshizawa, mkunjaji karatasi wa Japani, alichapisha kitabu kiitwacho Atarashii Origami Geijutsu. Humo alipanga mfumo wa alama ambao wakunjaji wa dunia nzima wanautumia hadi leo. Vistari vilivyokatika humwambia msomaji akunje karatasi kuelekea kwake, na huo ndio mkunjo wa bonde. Vistari vyenye nukta katikati humwambia akunje kwenda nyuma, mkunjo wa mlima. Mishale huonyesha nini kinahamia wapi. Kwa alama hizo chache, mtoto wa Tanga asiyejua herufi moja ya Kijapani anaweza kukaa na kitabu kilichopigwa chapa Tokyo na akainuka na korongo wa karatasi mkononi.

Siku hizi njia hiyo inapitwa. Anayetaka kukunja hufungua simu, hutafuta video, kisha huiga mikono anayoiona kwenye kioo. Korongo hupatikana, tena haraka. Lakini kupata korongo ni jambo moja, na kujua kukunja ni jambo jingine. Kwa hili la pili kitabu chenye michoro bado ndicho mwalimu bora, na kinastahili nafasi kwenye rafu za maktaba za shule.

Yoshizawa mwenyewe alikifikia kitabu hicho kwa njia ndefu. Alizaliwa mwaka 1911 katika mkoa wa Tochigi, akaenda Tokyo kufanya kazi kiwandani akiwa bado kijana mdogo. Alipopandishwa cheo kuwa mchoraji wa michoro ya kiufundi, alipewa jukumu la kuwafundisha jiometri wafanyakazi wachanga, naye akaona kwamba karatasi ikikunjwa inaeleza pembe na mistari kuliko maneno. Baadaye akaacha kiwanda ili akunje tu. Kwa miaka mingi aliishi kwa ufukara, akipita nyumba hadi nyumba kuuza kitoweo cha tsukudani. Mlango ulifunguka pale jarida la Asahi Graph lilipomwagiza wanyama 12 wa kalenda ya Kijapani kwa toleo la Januari 1952. Ukiujua mwendo huo, unaelewa kwa nini alama zake ni safi namna ile: zilitoka kwenye mkono uliozoea kuchora vitu ili mtu mwingine avitengeneze bila kuuliza.

Kabla yake vitabu vilikuwapo. Hiden Senbazuru Orikata, kilichotolewa Kyoto mwaka 1797, kina miundo 49 ya korongo walioungana, wote wakitoka katika karatasi moja iliyochanjwa kwa ustadi. Ni kazi ya kustaajabisha, lakini kinaonyesha zaidi jinsi ya kuchanja karatasi na umbo lililokamilika, huku hatua nyingi za katikati zikiachiwa msomaji. Aliyekuwa na mwalimu nyumbani alifaulu.

Alama za Yoshizawa zilivuka bahari upesi. Robert Harbin, mwanamazingaombwe aliyezaliwa Afrika Kusini na kuvuma Uingereza, alitoa kitabu Paper Magic mwaka 1956. Mmarekani Samuel Randlett akafuata na The Art of Origami mwaka 1961. Wawili hao waliupokea mfumo wa Yoshizawa na kuongezea alama za kuzungusha karatasi na za kukuza mchoro, na ndiyo sababu leo unaitwa mfumo wa Yoshizawa na Randlett.

Sasa tuangalie kinachotokea kichwani mwa anayejifunza, maana hapo ndipo penye hoja yenyewe. Korongo wa jadi huanza na mraba unaokunjwa kwa ulalo mara mbili na kwa nusu mara mbili, kisha hukusanywa ukawa mraba mdogo wa tabaka kadhaa. Ncha moja ya mraba huo imefungwa, ya mkabala wake iko wazi. Ncha iliyo wazi lazima ielekee chini. Wengi wanaoanza huigeuza juu, na hatua tatu baadaye karatasi inawagomea. Kisha inakuja hatua ngumu kuliko zote: kingo mbili za chini hukunjwa hadi mstari wa katikati, ncha ya juu hushushwa, vyote hukunjuliwa, halafu tabaka moja la mbele huinuliwa kutoka chini hadi juu huku kingo zake zikiingia ndani zenyewe. Kwenye kitabu, tendo hilo lote ni mchoro mmoja na mshale mmoja. Msomaji hulazimika kuangalia mchoro unaofuata, aone karatasi itakavyokuwa, kisha arudi na kutafuta njia ya kufika huko. Mchoro wa tano unasema la kufanya. Wa sita unasema kama umefanya sawa.

Kwa hiyo mkunjaji wa kitabuni hujifunza kutazama mbele na kujisahihisha. Anajifunza pia kuona umbo la pande tatu katika mistari iliyolala kwenye ukurasa, na huo ndio uwezo anaouhitaji fundi seremala anapopewa mchoro wa kabati, fundi cherehani aliye na kielelezo cha gauni, au mwanafunzi wa jiometri. Video humwondolea kazi hiyo. Inafanya kuona kwa niaba yake, kwa kasi ya mtu mwingine, na yeye hubaki akisimamisha na kurudisha nyuma huku bando likiisha. Haki isemwe: kwa ile hatua ya kuinua tabaka, kutazama mikono ya mtu mara moja kunasaidia kweli, na mwalimu aliye karibu anasaidia zaidi. Ila msaada huo uje baada ya mtoto kuhangaika na mchoro, usitangulie.

Si kila kitabu kinafaa. Vipo vya rangi nyingi vilivyojaa picha za kamera zilizopigwa kutoka juu, ambapo tabaka zote zinaonekana kama moja na haijulikani kipi kiko mbele. Vingine huruka hatua tatu na kusema tu kunja kama inavyoonekana. Kitabu kizuri kina michoro ya mistari, upande mmoja wa karatasi ukitiwa kivuli ili usichanganywe na wa pili, na maumbo yake yamepangwa kuanzia kofia na mashua hadi magumu. Anayenunua afungue katikati, achague umbo moja, na afuate mishale kwa macho. Akipotea hapo dukani, mtoto atapotea pia nyumbani.

Walimu wa hisabati wana sababu yao ya ziada. Mwaka 1893 Sundara Row alichapisha Madras, India, kitabu kizima cha mazoezi ya jiometri kwa kukunja karatasi. Mwaka 1837 Pierre Wantzel alikuwa amethibitisha kwamba rula isiyo na vipimo na bikari haviwezi kugawa kila pembe katika sehemu tatu sawa. Karatasi inaweza: Mjapani Hisashi Abe alionyesha jinsi ya kufanya hivyo kwa mikunjo michache tu. Somo hilo linaingia ndani ya kipindi kimoja.

Gharama isiwe kisingizio. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297. Kunja pembe moja kwa ulalo, kata kipande cha milimita 87 kinachozidi, na mraba uko tayari. Karatasi za mitihani iliyopita zinatosha kwa mwaka mzima. Gazeti ni laini mno kwa korongo, lakini kwa kofia halina mpinzani. Kinachotakiwa zaidi ni ukucha wa kukandamiza mkunjo na subira ya kulinganisha pembe na pembe, kwa sababu kosa la milimita mbili hatua ya kwanza huonekana wazi mdomoni mwa ndege.

Mwaka 1989 Yoshizawa alikadiria kwamba amebuni maumbo zaidi ya 50,000. Yaliyochorwa katika vitabu vyake ni mia chache. Alifariki mwaka 2005, na mengine hayawezi kurudiwa tena na mtu yeyote kwa uhakika.

Wachapishaji wa Dar es Salaam na Nairobi wana wachoraji hodari, na kitabu cha namna hii kinahitaji maneno machache: kunja, kunjua, geuza, rudia upande wa pili. Korongo, chura na mashua za jadi hazina mwenye hakimiliki. Maumbo ya wabunifu walio hai yaombewe kibali na majina yao yaandikwe. Mchapishaji atakayeanza na maumbo 15 ya jadi, yaliyochorwa na mtu aliyeyakunja mwenyewe na kujaribiwa na watoto wa darasa la tatu kabla ya kwenda mtamboni, atakuwa amezipa shule kitabu kinachosomeka hata katika darasa lisilo na umeme.