Tahadhari 27, kisha Utawala

Mitambo ilisema, tena ilirudia. Alfajiri ya tarehe 2 Julai 2014, Fokker 50 iliyopakia miraa ya Mogadishu iliruka kutoka uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, na baada ya muda mfupi ikaangukia jengo mtaani Utawala. Wote wanne waliokuwa ndani walikufa. Wachunguzi wa Kenya walihitimisha kwamba marubani waliirusha ndege wakijua ina hitilafu, na hawakukatisha safari hata baada ya kupewa tahadhari 27.

Tahadhari 27! Ukiisoma tarakimu hiyo unaharakisha kuwalaumu marehemu, na faili linafungwa. Ni rahisi pia kuzigeukia nyumba zilizojengwa chini ya njia ya ndege. Hoja hiyo ina uzito wake, ila nyumba hazileti hitilafu.

Ndege ya aina hii ina mwendo wa kukata shauri, ambao marubani huuita V1. Kabla ya kuufikia, unaweza kufunga breki. Ukishaupita, huna budi kupaa, kwa kuwa njia ya kurukia iliyobaki huenda isitoshe kusimama. Njia ya kurukia ya JKIA ina urefu wa zaidi ya kilomita 4, na Fokker 50 haihitaji hata nusu yake. Lami ilikuwepo tele.

Wapo watakaosema injini moja ikigoma, ya pili imewekwa kwa ajili ya siku kama hiyo. Ni kweli, mradi aliyeko usukani asibabaike. Februari 2015, jijini Taipei, injini moja ya ATR 72 ya TransAsia iliishiwa nguvu mara tu baada ya kupaa. Rubani akaizima ile nzima. Watu 43 walikufa.

Kwa hiyo mahali pa kuokoa roho ni chini, kabla magurudumu hayajainuka. Na huko chini ndiko biashara inakosema kwa sauti kubwa. Nani Kenya asiyejua Hilux za miraa kutoka Meru zinavyokata kona? Miraa ikichelewa siku mbili ni majani tu. Sidai kwamba haraka hiyo ndiyo iliyowaponza wanne wale. Ninachojua ni kwamba mzigo wa namna hiyo haumvumilii mtu anayesema ngoja kwanza fundi atazame.

Sheria inampa nahodha wa ndege mamlaka ya kukataa kuruka. Mamlaka hayo hayana maana ikiwa kesho yake anapangiwa mwingine safari zake. Wakaguzi wa usalama wa anga hudai daftari la matengenezo, na wanafanya vyema. Mimi ningewaongezea kazi moja: wamwombe kila mwenye kampuni orodha ya safari zilizokatishwa mwaka mzima kwa sababu ya hitilafu, kisha wawatafute marubani waliozikatisha, waone kama bado wako kazini.