Mambo ya Nyumbani: Chakula cha Asubuhi cha Mwenye Kisukari

Mwezi huu twataka kusema na nyumba zenye mgonjwa wa kisukari, hasa kile kiwapatacho watu wazima. Tumeona ya kuwa wengine humeza dawa alfajiri, kisha huenda kanisani au shuleni bila kula, wakidhani ya kwamba njaa ni dawa ya pili. Wengine huhesabu jambo hilo kuwa utauwa. Lina hatari, nasi hatuna budi kulieleza.

Viko vidonge, kama glibenklamidi, viushurutishavyo mwili kutoa insulini, ambayo kazi yake ni kuondoa sukari katika damu. Dawa hiyo hufanya kazi yake, chakula kiwepo kisiwepo. Tumbo likiwa tupu, sukari yaweza kushuka mno: mtu hutetemeka, hutoka jasho, moyo humwenda mbio, maneno yake huchanganyika, hata huweza kuzimia. Wasiojua husema amelewa, au ameingiwa na pepo. Hukemewa, naye ahitaji sukari tu! Mpeni upesi vijiko vidogo 3 vya sukari katika maji. Asipopata nafuu baada ya dakika 15, mpeni tena; akiisha kupata nafuu, ale chakula. Lakini aliyezimia msimtie kitu kinywani. Mlazeni kwa ubavu, mkampeleke hospitali mara moja.

Basi dawa na chakula viende pamoja kama alivyoagiza mganga wa hospitali, na saa za kula zisibadilike-badilike. Wala chakula chenyewe kisiwe chai ya sukari na maandazi, maana hivyo hupandisha sukari upesi. Afadhali yai au maharagwe, na kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa, na chai isiyotiwa sukari.

Atakaye kufunga siku za Kwaresima na amwulize mganga kwanza. Akikatazwa, asihuzunike, yako mengi ya kujinyima yasiyo chakula. Nanyi walimu, mwenzenu akila kidogo kati ya masomo, msimcheke.

Kumbukeni kando ya bahari ya Tiberia: wanafunzi walipofika pwani asubuhi, wamechoka kwa kazi ya usiku, Bwana alikuwa amekwisha kuwawekea samaki na mkate juu ya makaa. Kwanza waliitwa kula, ndipo Petro akapewa kazi ya kulisha kondoo.