Kishikwambi cha Kabatini Hakifunzi Mtu

Mpenzi msomaji, wahenga walinena kuwa penye nia pana njia. Lakini je, njia yenyewe ikifungiwa kabatini?

Mimi nilianza shule karibu na mji wa Kitale. Katika kampeni za mwaka wa 2013 wazazi wetu waliahidiwa kuwa kila mtoto wa darasa la kwanza angepata kipakatalishi. Kuanzia mwaka wa 2016 vikaja vishikwambi. Loo! Tulishangilia hadi koo zikakauka. Kumbe shuleni kwetu vingetiwa ndani ya kabati la chuma, kufuli kubwa mlangoni. Wageni wakija vilitolewa, tukavishika, tukapigwa picha, kisha vikarudi. Nilimaliza shule ya msingi bila kuandika hata jina langu kwa mashine.

Sasa niko sekondari hapa Bungoma. Muhula uliopita mwalimu wetu wa Kiswahili aliingia darasani na kipakatalishi chake kimoja, akatutajia malengo matatu. Kwanza, kila mwanafunzi akiguse kila wiki, hata kwa dakika tano tu. Pili, tukitumie kurekodi ngano za wazee wetu na kuziandika, si kukaa tukitazama picha. Tatu, stima ikipotea, somo lisipotee.

Wenzangu wengine walinong'ona, "Ataharibiwa mashine yake bure!" Mimi nasema la hasha! Afadhali mashine ichakae mikononi mwetu kuliko izeeke kabatini. Zamu yangu ya kwanza niliandika methali moja tu, tena nikihangaika kutafuta herufi, lakini siku hiyo nilijiona mtu.

Lengo la tatu nalo lanigusa. Machi 2020 korona ilipofunga shule, masomo yalipeperushwa redioni na kwenye runinga. Kwetu Kitale tulikuwa na redio ya betri. Nilisikiliza kwa makini, ila nilipokwama redio haikunijibu. Dada yangu ndiye aliyenieleza. Hapo nikajua kuwa mashine huleta somo, lakini mtu ndiye hufundisha.

Mtaala mpya umeweka ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Ni vyema. Lakini ujuzi hauji kwa kuhesabu mashine zilizo stoo. Walimu wetu wapendwa, shule ikiulizwa ina kompyuta ngapi, naomba iulizwe pia ni wanafunzi wangapi waliozigusa wiki hii.

Nanyi wenzangu, mkipewa zamu msikimbilie michezo, wala msibandue vibonyezo. Anayeharibu leo ndiye anayewapa wakubwa sababu ya kununua kufuli kesho, na atakayeumia ni yule ambaye kwao hakuna hata simu.

Kalamu naitua hapa. Mola akitujalia, tuonane toleo lijalo.