Rudisha kwanza pesa ya mwenzako, kisha ulete sadaka

Jumapili ya leo tutafakari jambo ambalo halisemwi sana mimbarani, lakini sokoni na kwenye simu linasemwa kila siku: mtu ameuziwa kitu kibovu, anataka kukirudisha na kurudishiwa pesa yake.

Chukua mfano wa mama aliyeko Kasansa, huku Katavi, aliyejifungua mapacha. Akina mama wetu wamezoea kubeba mtoto mgongoni kwa kitenge, na kwenye tope la masika hakuna kigari kinachoshinda mgongo wa mama. Lakini mapacha ni wawili na mgongo ni mmoja. Mama huyu anaona kwenye simu picha ya kigari cha watoto wawili, cha mtumba. Muuzaji yuko Dar es Salaam, na ameandika kuwa kigari kiko vizuri, hakina tatizo lolote. Bei ni shilingi 180,000. Mama anatuma pesa kwa simu na kulipia makato. Mzigo unapanda basi, unasafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Mpanda, kisha unatafutiwa gari la kuteremka nao mpaka kijijini. Unapofunguliwa, breki haishiki. Chuma kimoja kilikatika zamani, kikachomelewa na kupakwa rangi juu.

Anapiga simu. Jibu unalijua, maana huenda umewahi kupewa au umewahi kulitoa: "Dada, huo ni mtumba. Mali ikishauzwa hairudishwi."

Tuanze na sheria za nchi, kwa sababu wengi wetu tunadhani maneno hayo yanamaliza kesi. Hayamalizi. Tanzania tunayo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Kwa sheria hiyo, kitu kilichouzwa kwa maelezo kinapaswa kulingana na maelezo hayo, na mnunuzi ambaye hakukiona kabla anastahili nafasi ya kukikagua kabla hajahesabiwa kuwa amekikubali. Iko pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko. Kuwa mtumba hakumpi mtu ruhusa ya kudanganya. Mtumba maana yake kitu kimetumika; haina maana kwamba ubovu wake umefichwa.

Lakini wewe na mimi hatuongozwi na sheria za nchi peke yake. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, iko habari ya ng'ombe anayepiga watu pembe. Ikiwa ng'ombe hajawahi kufanya hivyo, mwenye ng'ombe hahesabiwi kama muuaji. Lakini ikiwa ni tabia yake, na mwenyewe aliambiwa lakini hakumfungia, lawama ni yake yote. Angalia hapo kwa makini. Mungu anatofautisha asiyejua na aliyeambiwa. Inawezekana muuzaji wa kigari alikitoa kwenye mzigo wa mitumba bila kujaribu breki. Huo ni uzembe, lakini bado si wizi. Tangu saa ile mama anapompigia simu na kumtumia picha ya chuma kilichochomelewa, yeye sasa ni mtu aliyeambiwa. Kuanzia hapo, kila siku anayokaa na ile pesa anakaa nayo akijua.

Na kitu chenyewe ni cha kubebea watoto. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza anayejenga nyumba aweke ukingo darini, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile. Breki ya kigari cha mtoto ni ukingo wa namna hiyo. Mtu akisema, "Tatizo dogo tu hilo, fundi atalimaliza," ajiulize kama angemlaza mwanawe humo kwenye mteremko.

Sasa kuhusu kiasi cha kurudisha. Wauzaji wengi wakibanwa sana hukubali kurudisha bei, nao hujiona wametenda wema mkubwa. Soma Mambo ya Walawi sura ya 6. Aliyemdhulumu mwenzake anatakiwa kurudisha kitu chote na kuongeza sehemu ya tano. Kwa kigari cha shilingi 180,000, sehemu ya tano ni shilingi 36,000. Kwa nini Mungu aliongeza hiyo? Mama wa Kasansa anaweza kukueleza. Nauli ya mzigo, makato ya kutuma pesa, vocha za kupiga simu, siku ya kibarua iliyopotea kwa kuufuata mzigo Mpanda: vyote hivyo haviko kwenye bei. Ukimrudishia 180,000 kamili na kumwacha agharamie nauli ya kwenda na ya kurudi, bado ameumia kwa kosa lako.

Sura hiyo hiyo inapanga na utaratibu: arudishe kwanza, ndipo aende kwa kuhani na sadaka yake. Bwana Yesu naye, katika Mathayo sura ya 5, anamwambia mtu aliyefika madhabahuni na sadaka aiache hapo, aende apatane na ndugu yake kwanza. Mpendwa, asubuhi ya leo vikapu vimepita makanisani mwetu. Huenda katika noti zilizotumbukizwa humo zimo za mama fulani ambaye simu zake hazipokelewi tena.

Nikiishia hapo nitakuwa nimewapendelea wanunuzi, na Biblia haiwapendelei. Mithali 20:14 inamtaja mnunuzi anayekiponda kitu mbele ya muuzaji ili apunguziwe, kisha akifika mbele anajisifia alivyopata. Siku hizi yuko na mwenzake: anayenunua kigari, anakitumia siku ya ubatizo wa mtoto, picha zinapigwa, kisha Jumatatu anadai kibovu na anataka pesa yake. Yuko pia aliyekivunja mwenyewe kwa kubebea ndoo za maji, akasema kilifika hivyo. Kumbuka kwamba anayeuza huenda naye ni mama, ameuza kigari cha mwanawe ili alipe kodi ya chumba. Kumwibia muuzaji ni wizi uleule.

Sisi wa bonde hili tunalima mpunga, na uchungu wa jambo hili tunaujua. Tumelalamika miaka mingi juu ya lumbesa, mnunuzi anaposhindilia gunia mpaka linaota kichwa na kulipa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo inakataza, na sisi tunasema ni dhuluma. Ni kweli. Basi mkulima yule yule asiweke mpunga mbichi chini na mkavu juu. Amosi sura ya 8 aliwakemea wenye vipimo vya udanganyifu, na katika sura hiyo hiyo akawakemea waliouza takataka pamoja na nafaka.

Liko jaribu la tatu, na hili ndilo linalonitia hofu zaidi. Muuzaji amezima simu. Nauli ya kurudisha mzigo ni kubwa. Kigari kiko ndani kimekaa. Jirani anakuja, ana mimba ya miezi minane, anauliza, "Unakiuza?" Hapo moyo unasema: na mimi niliuziwa hivi hivi. Ukikipaka rangi tena na kukiuza bila kusema kitu, umechukua nafasi ya yule uliyemlilia Mungu juu yake. Dhuluma husafiri namna hiyo, kutoka Dar es Salaam hadi Kasansa, kila mtu akitua mzigo wake kwenye kichwa cha anayefuata. Mahali pekee inapoweza kukoma ni kwa mtu anayekubali hasara kuliko kuipitisha. Mwambie jirani ukweli: "Breki ni mbovu, chuma hiki kimechomelewa." Akitaka vyuma na magurudumu kwa bei yake, sawa. Akikataa, umebaki na hasara ya pesa, lakini dhamiri yako iko salama.

Ikiwa wewe ndiye uliyeuziwa kibovu, fuata njia ya Mathayo 18. Kagua mzigo siku ile ile unapofika, piga picha, tunza risiti na ujumbe wa malipo, wala usikitumie. Mwambie muuzaji wewe na yeye tu, kwa lugha ya heshima, kabla ya kumwanika kwenye makundi ya WhatsApp. Asiposikia, tafuta mtu au wawili wanaomfahamu. Akishupaa, nenda kwenye vyombo vya sheria, wala si dhambi kudai haki yako.

Na ikiwa wewe ndiye uliyeuza, usisubiri kufikishwa huko. Zakayo hakushtakiwa na mtu. Aliposimama nyumbani kwake mbele ya Bwana, aliahidi mwenyewe kurudisha mara nne. Simu yako unayo mkononi, na namba ya yule mama bado imo. Mpigie leo, kabla jua halijazama.

Mungu wa haki atusaidie kuuza na kununua kama watu watakaotoa hesabu mbele zake. Jumapili njema.