Daraja la Meno, Likae Sawasawa

Mama mmoja alitujia na daraja lake la meno mkononi. Lilikuwa la kauri, jeupe, halina ufa hata mmoja. Lakini meno mawili yaliyolibeba yalikuwa yameoza mpaka kwenye ufizi. Alikuwa amekwenda kuziba pengo la jino moja. Sasa ana pengo la matatu.

Hapa Goma watu huuliza kama kauri ni nyeupe, tena kama ni ngumu. Siwalaumu. Maji ya nchi yetu ya volkano yana floraidi nyingi mahali pengi, na wengi tumekua na meno yenye madoa. Lakini mimi nasema swali la kwanza ni hili: Je, linakaa sawasawa?

Daraja huvikwa kama kofia juu ya meno mawili ya kando, ambayo huchongwa kwanza, na jino lililochongwa halikui tena. Kauri iitwayo zirkonia ina nguvu kupita kauri za zamani. Huchongwa kubwa kuliko kipimo, kisha huchomwa katika tanuru ya joto la nyuzi 1500 hivi, nayo hunywea kadiri ya sehemu moja katika tano. Kipimo kikikosewa, ukingo haushiki jino. Mabingwa wengi hukubali mwanya usiozidi milimeta 0.12. Ukizidi, mate huila simenti, uchafu huingia, na jino huoza chini ya kofia bila kuonekana. Mwenye chukudu anajua: mti uwe mgumu namna gani, gurudumu likilegea utaanguka mteremkoni.

Nguvu nayo ina mahali pake. Daraja huvunjika hasa pale meno yanapoungana, basi usiombe maungio membamba kwa ajili ya uzuri.

Kabla hujachongwa, muulize munganga wa meno: Utalijaribisha kwanza bila simenti? Utapitisha sindano yako ukingoni pote? Likiwa na mwanya, utalirudisha kwa fundi? Akikasirika, ondoka, hata kama umetoka Sake kwa miguu. Chukua meno ya kuvaa na kuvua, au kaa na pengo lako. Mimi ninalo moja upande wa kushoto, na mahindi ya kuchoma ninakula.