Kura Tumepata, Sababu Bado Twanyimwa

Sisi wa Machakos tunajua kwa muda mrefu maana ya amri isiyo na maelezo. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba mifugo ya Wakamba ilikuwa imezidi, nayo ikaanza kuwachukua ng'ombe kwa nguvu na kuwauza. Wenye mali hawakusikilizwa. Mwezi wa Julai mwaka huo wanaume, wanawake na watoto walitembea hadi Nairobi wakitaka kumwona Gavana, wakakaa huko kwa majuma kadhaa. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alihamishiwa Lamu kwa amri ya serikali. Hata hivyo uuzaji huo wa lazima ulikomeshwa. Wazee wetu hawakuomba kiti cha utawala. Walidai kusikilizwa kabla mali yao haijaguswa.

Dai hilo ndilo kiini cha ile iitwayo sheria ya utawala. Sheria hii haishughuliki na nani atawale. Inauliza yule aliyekwisha kupewa mamlaka anayatumiaje siku ya Jumanne asubuhi, mwananchi anaposimama mbele ya meza yake.

Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, wengi tulidhani safari imekwisha. Haikuchukua muda tukatambua kwamba vyama vingi vilikuwa vimeingia Bungeni, lakini ofisini mambo yalikuwa yale yale. Mkutano wa hadhara ulihitaji kibali cha mkuu wa wilaya, na chifu alikuwa na mamlaka yaliyotokana na sheria za kikoloni. Ndipo mwaka 1997 sheria ya machifu na ile ya mikutano ya hadhara zikarekebishwa, baada ya shinikizo la wananchi na makanisa. Funzo letu ni hili: kura hupigwa mara moja kwa miaka mitano, bali ofisi huendewa kila siku.

Tuitazame Poland, nchi iliyokuwa nayo chini ya chama kimoja kilichoshika hatamu zote. Tangu mwaka 1960 ilikuwa na sheria ya kueleza namna ofisi inavyopaswa kushughulikia shauri la raia, na kwamba uamuzi uandikwe pamoja na sababu zake. Mwaka 1980 ikaanzisha Mahakama Kuu ya Utawala ya kupima maamuzi ya maofisa, na mwaka 1987 ikapitisha sheria ya kumweka mtetezi wa haki za raia. Uchaguzi wa mageuzi ulikuja baadaye, mwaka 1989. Vyombo hivyo havikuwa huru kikamilifu chini ya chama kile, lakini raia walianza kuzoea kumwuliza ofisa: kwa sheria gani, na kwa sababu gani? Sisi tulianza na kura. Mazoea hayo ya kuuliza bado hatujayajenga.

Na si kwamba tumekosa sheria. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi za utawala upesi, kwa mujibu wa sheria, kwa busara na kwa utaratibu wa haki. Haki yake ikiguswa vibaya, apewe sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2015 inayotekeleza kifungu hicho yaongeza kwamba ofisa akiombwa sababu asizitoe, uamuzi wake utahesabiwa kuwa haukuwa na sababu njema, mpaka athibitishe vingine. Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 yataka ombi lijibiwe katika siku 21, na ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili. Ipo pia Tume ya Haki katika Utawala, iliyoundwa mwaka 2011, ipokeayo malalamiko dhidi ya maofisa.

Basi kwa nini mjane anayehitaji barua ya chifu ili afungue shauri la mirathi aambiwe "njoo kesho" mara tano? Ni kwa sababu kesho haiandikwi popote. Jibu la mdomo halikatiwi rufaa. Anayesema "mkono mtupu haulambwi" hustawi mahali pasipo na karatasi.

Wako watakaosema kwamba machifu wengi ni waaminifu, na kwamba mahakama ni ghali. Yote mawili ni kweli. Chifu mwaminifu hana cha kuogopa akiombwa kuandika sababu. Maandishi humlinda naye dhidi ya masingizio. Kuhusu gharama, sheria yenyewe yataka kwa kawaida mtu aanze na njia za rufaa zilizo ndani ya ofisi kabla ya kwenda mahakamani. Kuanza huko kwahitaji barua na nakala yake, si mfuko wa fedha.

Ndiyo maana twaligeukia kanisa. Yule mjane wa Injili ya Luka alimshinda kadhi dhalimu kwa kurudi na kurudi, lakini alirudi peke yake. Wetu asirudi peke yake. Kila parokia na kila usharika uchague watu wawili wanaojua kuandika vizuri. Jumapili baada ya ibada wakae mezani, wawaandikie wenye mashauri: tarehe, ofisi, jambo lililoombwa, jibu lililotolewa, na ombi la sababu kwa maandishi. Nakala ibaki kanisani.

Katiba, Kifungu cha 73, inasema mamlaka ya ofisa ni dhamana ya kuwatumikia watu, wala si uwezo wa kuwatawala. Wazee wetu walitembea hadi Nairobi kwa ajili ya neno hilo kabla halijaandikwa. Sasa limeandikwa. Tutakuwa tumewadhulumu tukikosa hata kutembea hadi ofisi ya chifu, barua mkononi.