NYUMBANI KWETU: Jiko la chuma ndani ya meko ya zamani



Kila ifikapo miezi ya baridi, wenzetu wa nyanda za juu huniuliza jambo lile lile: nyumba ipashwe moto namna gani bila kujaza moshi na bila kumaliza kuni zote? Safari hii nitajibu kwa yale yaliyotokea nyumbani kwangu. Sioni haya kuyasema, ingawa kosa lilikuwa letu wenyewe.

Sisi tunakaa Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa saba maji ya kunawa asubuhi yanauma vidole, na nguo zilizoanikwa jana bado mbichi leo. Nyumba yetu ni ya zamani, ya matofali ya kuchoma. Sebuleni kuna meko makubwa ukutani, na dohani yake inapanda hadi juu ya paa. Wageni huyasifu sana meko hayo. Sisi wenye nyumba tulijua siri yake: ukikaa mbele yake magoti yanaungua na mgongo unaganda, na mzigo mzima wa kuni unakwisha kwa jioni mbili.

Kwa hiyo mama mkwe wangu, alipokuja kukaa nasi, hakuyategemea. Kila usiku aliwasha jiko la mkaa nje, akasubiri moshi uishe na mkaa uwe mwekundu, kisha akaliingiza chumbani, akafunga mlango na kuziba upenyo wa chini kwa kanga. Nilimwona nikanyamaza. Nilidhani mkaa usiotoa moshi hauna neno.

Usiku mmoja binti yetu mdogo, aliyekuwa akilala na bibi yake, alitoka chumbani akitapika na kulia kwamba kichwa kinapasuka. Tulipoingia tulimkuta Mama anasema maneno yasiyoeleweka, na miguu haimbebi. Tulimtoa nje kwa blanketi, tukatafuta gari, na hospitali wakampa oksijeni mpaka kulipokucha. Wote wawili walipona, Mungu ashukuriwe. Mtoto asingeamka, sijui asubuhi ile tungekuta nini.

Akina mama, shikeni hili kabla ya kuendelea. Mkaa unaowaka hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haikoozi. Ikiingia mwilini hujishika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata damu ishindwe kubeba hewa safi. Anayepatwa huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha huishiwa nguvu, na akiwa usingizini haamki. Kwa mama mjamzito hatari ni kubwa zaidi, maana mtoto tumboni naye hunyimwa hewa. Mkaa mwekundu usio na moshi ndio hasa unaotudanganya. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mtoe nje kwanza, halafu mkimbize hospitali.

Tukamkataza Mama jiko la mkaa. Akajibu, “Basi mnataka nife kwa baridi.” Nilikasirika, lakini usiku nilipowaza niliona ana haki. Huwezi kumnyang'anya mzee moto wake usimpe mwingine.

Mume wangu alitaka kununua kipasha joto cha umeme. Nilimkumbusha bili, na jinsi umeme unavyokatika mvua ikinyesha. Ndipo fundi mmoja wa kuchomelea vyuma alipotuambia kwamba meko ya wazi yanaweza kuwekewa jiko la chuma ndani yake: sanduku lenye mlango, linalosukumwa kwenye tundu la meko na kuunganishwa na bomba lake la moshi. Wazo si geni. Mmarekani Benjamin Franklin aliandika kijitabu juu ya jiko lake la chuma la mekoni mwaka 1744, na inasemekana lile la kwanza nalo lilisumbua kwa moshi!

Kwa nini sanduku lishinde moto wa wazi? Moto wa wazi huvuta hewa ya chumba bila kipimo na kuipeleka juu pamoja na joto lake, na baridi ya nje huingia kwenye nyufa za milango kujaza nafasi. Katika kila mafungu 10 ya joto la kuni, huenda likabaki moja tu chumbani. Jiko lililofungwa hula hewa kidogo, kwa tundu unalolirekebisha kwa mkono, na likitengenezwa vizuri huacha ndani mafungu 6 au 7. Chuma chenyewe ndicho kinachopasha chumba.

Tuliuza ng'ombe mmoja, na chenji haikurudi. Fundi mwashi alipanda kwanza kusafisha dohani, akatoa viota vya ndege na masizi ya miaka mingi, akaziba nyufa mbili zilizokuwa zikielekea kwenye mbao za paa. Tukapima tundu la meko mbele na nyuma, kwa kuwa nyuma ni jembamba. (Mume wangu alipima mbele tu. Sanduku lilirudishwa kukatwa upya.) Likatengenezwa kwa bamba la chuma nene, na ndani likapangwa matofali yanayostahimili moto.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya bomba. Fundi alitaka liishie futi chache tu ndani ya dohani, “moshi utajua njia.” Hapo tulimgomea. Dohani ya zamani ni pana mno kwa moshi mchache wa jiko. Moshi ukifika humo unapoa, unapanda kivivu na kuacha utando mweusi kama lami, na utando huo siku moja hushika moto. Nyumba nyingi za Ulaya na Marekani zimeungua hivyo. Bomba letu la inchi 6 linapanda lote mpaka nje, limepita paa kwa zaidi ya futi 3, na juu lina kofia ya kuzuia mvua. Nafasi iliyobaki kati ya bomba na dohani imefungwa kwa bamba, joto lisitorokee huko. Fundi alileta pia kipande cha bomba lililopakwa zinki, tukakikataa, kwa sababu zinki ikipata moto mkali hutoa mvuke wenye sumu. Sakafu ya mbele, ambayo ni ya mbao, tuliifunika kwa mawe na saruji kiasi cha nusu mita, cheche zisipate pa kushika.

Mioto mitatu ya kwanza iwe midogo, na madirisha yawe wazi, maana rangi ya chuma hunuka ikiungua.

Kuni zetu ni za miwati, miti iliyojaa Njombe tangu ilipopandwa kwa ajili ya magamba ya kutengenezea ngozi. Ni kuni nzuri, ila zisichomwe mbichi. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake yaweza kuwa maji. Upasue, uupange chini ya paa miezi sita hata mwaka. Ukigonganisha vipande viwili vikalia ko!, vimekauka. Na tafadhali, msiokote vipande vya nguzo za umeme zilizotiwa dawa. Baadhi ya dawa hizo zina aseniki, ambayo hubaki kwenye majivu, nasi majivu tunayapeleka bustanini. Majivu yenyewe huficha makaa hai siku mbili tatu, kwa hiyo sisi huyaweka kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje ya nyumba. Bomba tunalisugua kila mwaka kabla ya baridi.

Jiko hili nalo linaweza kutoa hewa ile mbaya likizibwa vibaya. Dirisha moja sebuleni huachwa wazi kidogo, na usiku hatufungi kabisa tundu la hewa. Kipo pia kifaa kidogo cha betri kinacholia kikiitambua hewa hiyo. Tumekitundika mlangoni kwa Mama. Mbele ya jiko tumeweka wavu, maana chuma hiki kinaunguza mtoto kwa kugusa mara moja tu.

Chumba cha Mama kinapakana na sebule, na mlango wake sasa unalala wazi. Mwanzoni alilinung'unikia “hilo kabati lenu” kwa sababu haoni moto. Siku hizi ndiye anayelichochea, na mtu mwingine akiligusa anagombezwa. Jiko la mkaa liko uani, tunachomea mahindi.